Irabu Moja na Deni la Baba



Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu deni: liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Nimefanya kazi ya ukarani hapa Maskati kwa miaka zaidi ya thelathini, na aya hiyo niliihifadhi tangu chuoni. Uzito wake, hata hivyo, niliuonja baada ya kustaafu, nilipokaa mbele ya kompyuta kuinakili barua ya marehemu baba.

Barua yenyewe aliiandika Unguja mwaka 1973, akimwandikia ami yangu aliyekwisha kuhamia huku. Hakujaaliwa kuipeleka. Ilikutwa juzijuzi chini ya sanduku lake, ndani ya bahasha isiyofungwa. Ni Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana wazee wetu. Vijana wa ukoo walioko Uingereza na Kanada waliniomba niichape mara mbili: kwanza kwa herufi zake za asili, kisha kwa herufi za Kilatini wapate kuisoma. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ilinichukua mwezi mzima.

Programu ya kuandikia ilitaka kwanza nichague lugha. Nikachagua Kiarabu, kwa kuwa herufi ni za Kiarabu. Karibu kila neno likapigwa mstari mwekundu, maana lilipimwa kwa kamusi ya Kiarabu. Nikachagua Kiswahili; aya ikaanzia kushoto, na nukta ya mwisho wa sentensi ikarukia upande usio wake. Baadaye nilielewa sababu. Ndani ya kompyuta kila herufi ina mwelekeo wake: alifu huenda kushoto, A huenda kulia. Nukta haina mwelekeo, hufuata ule wa aya. Tarakimu nazo husomwa kutoka kushoto hata zikiwa katikati ya Kiarabu, kama tulivyozoea siku zote kuandika mwaka 1973. Kwa hiyo lugha, herufi na mwelekeo ni mambo matatu mbalimbali, lakini programu yangu iliyapanga kana kwamba mtu akishataja moja ameyataja yote.

Likaja suala la kibodi. Kiarabu hakina sauti za "p", "v" wala "ch", na wazee wetu walizipatia alama kwa kuongeza vitone. Herufi hizo zimo ndani ya kompyuta, kwa kuwa Waajemi na wengineo wanazo, ila kibodi ya kawaida ya Kiarabu haina "p" wala "ch". Ikanibidi niweke kibodi ya Kiajemi kando ya ile ya Kiarabu, niwe nahama kutoka hii kwenda ile katikati ya neno "pacha".

Hapo ndipo mazoea ya ofisini yaliponiponza. Katika Kiarabu cha ofisini hatutii irabu. Msomaji hujua mwenyewe. Nikaichapa barua ya baba bila irabu, nikijiambia kuwa zinachelewesha na kwamba kwenye kioo zinapandana. Kisha, nilipoigeuza kwa herufi za Kilatini, sikurudi kwenye karatasi. Nilinakili kutoka kwenye nakala yangu mwenyewe.

Nakala ya Kilatini niliiandika katika faili lililowekewa Kiingereza. Ukurasa mzima ukawa mwekundu, isipokuwa maneno machache kama "wake", "lake" na "pole". Nikafurahi kuona yamekubaliwa, mpaka nilipong'amua kuwa yamekubaliwa kwa sababu Kiingereza nacho kina maneno yanayoandikwa hivyohivyo. Na kila neno likishapigwa mstari, jicho huacha kuitazama mistari yote.

Karibu na mwisho wa barua niliandika hivi: deni la shilingi 600 kwa rafiki yake, zile fedha za nauli iliyomleta ami huku, "lilipwa". Nikawapelekea jamaa. Wengi walishukuru kuona kuwa mzee aliondoka duniani akiwa mwepesi.

Shangazi yangu wa Unguja alisomewa kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kakangu hakulipa. Deni lililolipwa mtu hakuelezi nyumba ya mdai iko mtaa gani. Irudie karatasi."

Nikaitoa karatasi, nikachukua na miwani ya kukuzia. Chini ya herufi ya mwisho ya neno lile palikuwa na kijistari chembamba cha wino uliofifia. Kilikuwa chini, hakikuwa juu. Baba hakuandika "lilipwa". Aliandika "lilipwe".

Wenzangu mliosoma chuoni mnajua: irabu za Kiarabu ni tatu, fataha, kasra na dhumma, nasi tuna sauti tano, hivyo kasra moja hubeba "i" na "e". Baadhi ya wanavyuoni wa Mombasa, miongoni mwao Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, walijishughulisha kuzirekebisha alama hizo zikidhi Kiswahili. Baba aliandika kwa njia ya zamani, na bado kijistari chake kilitosha kutenganisha habari na wasia. Niliyekifuta ni mimi.

Je, mpangilio wa Kiswahili ungaliniokoa? Nimelifikiri sana jambo hili. Ungaliufuta wekundu, na pengine jicho langu lingalikaa macho. Lakini "lilipwa" na "lilipwe" hupishana kwa irabu moja tu.  Tangu mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, tumepata zana nyingi nzuri, na ninazishukuru. Lakini hakuna zana inayojua kama baba yako alilipa.

Hata hivyo, laiti ningeulizwa na wanaozitengeneza, ningeomba mambo matatu. Lugha ichaguliwe peke yake na herufi peke yake. Majina ya lugha yanayotumika ndani ya kompyuta tayari yanaruhusu kusema "Kiswahili kwa herufi za Kiarabu", ila menyu niliyonayo haina chaguo hilo. Irabu zionekane wazi, zisipandane. Na tukumbukwe sisi wa huku: katika hazina ya data za lugha inayotegemewa na programu nyingi, Kiswahili kimewekewa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Oman haimo.

Nanyi mlio na barua za wazee, nawaomba hivi. Zipigeni picha kabla ya kuchapa neno lolote. Tieni irabu zote mnazoziona, hata zikiwachelewesha. Wekeni lugha ya faili kabla ya kuanza, na muuzime usahihishaji wa moja kwa moja. Kisha mtafuteni mtu mzima, mumsomee kwa sauti.

Dawa ya deni ni kulipa. Mdai alikuwa amekwisha kufariki, lakini kwa maelezo ya barua ileile binti yake alipatikana, mtaa uleule. Shilingi 600 za mwaka 1973 si za leo; tulikubaliana naye kiasi kwa ridhaa, na watoto wa ami wakachangia kuliko sote. Alipopokea aliomba kitu kimoja tu: nakala ya barua, kwa kuwa mna jina la baba yake na maneno mema juu yake. Nikamchapia kwa herufi zote mbili. Kurasa mbili zile zilinichukua siku nne, kwa sababu safari hii nilitia irabu zote, na kila moja niliihakikisha kwenye karatasi.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu wote, waliodai na waliodaiwa.