Akiba ya Wasiokuwapo

Habari za mabenki huchapwa katika kurasa za biashara, nasi tunaosoma kurasa za jamaa huziruka kama tunavyoruka matangazo ya zabuni. Leo naomba tuilete moja hapa jamvini, kwa sababu undani wake ni habari ya nyumba: ikibaki mali ambayo hakuna mrithi awezaye kusema kuwa ni yake peke yake, nani aishike, na aitumie vipi?

Mwaka 1816 nchi ya Lombardia, kaskazini mwa Italia ya leo, ilikuwa taabani. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha karibuni, mavuno yakaharibiwa na baridi isiyo ya msimu, na njaa ikaingia vijijini. Serikali ya Austria, iliyoitawala nchi hiyo wakati ule, iliunda kamati ya kusimamia misaada kwa maskini, na kamati hiyo ndiyo iliyofungua benki ya akiba mjini Milano mwaka 1823. Hoja ya benki za namna hii ilikuwa nyepesi kueleweka. Anayegawiwa uji leo atarudi kesho na bakuli lile lile, lakini mwenye visenti vyake mahali salama huenda akaivuka njaa ijayo kwa miguu yake mwenyewe.

Msomaji na aangalie jambo moja ambalo ndilo kiini cha habari yote. Benki ile haikuwa na wenye hisa. Mwekaji alikuwa na haki ya fedha yake na riba yake, basi. Ziada iliyobaki kila mwaka baada ya mikopo kurejeshwa haikuwa na tajiri wa kuichukua. Sehemu iliimarisha benki, sehemu ikaenda katika kazi za huruma. Vizazi vikapita, washonaji na watumishi wa majumbani waliofungua vile vitabu wakafa, na rundo likaendelea kukua. Likawa mojawapo ya benki kubwa za akiba duniani, nalo halina mwenyewe.

Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1990. Serikali ya Italia ilitaka benki zake ziwe makampuni ya kawaida yenye hisa, yanayoweza kuungana na kushindana. Lakini hisa hizo apewe nani? Wangeweza kuzichukua kwa Hazina, au kuziuza na kuyafunga mahesabu. Walichofanya ni kuigawa benki katika viungo viwili: kampuni ya kufanya biashara, na taasisi ya hisani ya kuzishika hisa na kutumia pato lake kwa manufaa ya watu wa mkoa ule ule. Ya Milano, Fondazione Cariplo, ilizaliwa mwaka 1991. Benki yenyewe iliungana na nyingine mwaka 1998, na tangu 2007 imo ndani ya Intesa Sanpaolo. Taasisi ikabaki, na hadi leo hutoa ruzuku kwa utafiti, sanaa, mazingira na malezi ya wanyonge. Ziko zaidi ya 80 za aina hiyo nchini Italia.

Sisi wa pwani na bara yake hatuna haja ya kutafuta neno geni la kuiita. Ni wakfu: mali iliyofungwa isiuzwe wala isirithiwe, matunda yake yaliwe na wahitaji. Mzee wa Pangani aliyeweka minazi yake wakfu kwa msikiti asingehitaji mwanasheria wa Milano amfafanulie.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Mjini Siena iko benki iliyoanzishwa mwaka 1472 ili kuwaokoa maskini na walanguzi wa riba. Wakfu wake, uliosimama peke yake mwaka 1995, uling'ang'ania kuitawala benki badala ya kutawanya mali yake. Mwaka 2007 benki ikainunua nyingine kwa bei ya euro bilioni 9, dhoruba ya fedha ya dunia ikaipiga, na wakfu ukakopa ili usipoteze usukani. Ilipofika 2014 ulikuwa umebakiwa na sehemu ndogo tu ya hisa, na mji uliozoea kuishi kwa ruzuku zake ukakaa mikono kichwani. Mali ya karne tano ilitiwa katika kapu moja, na walioliangusha hawakuwa walioichuma.

Fedha hizo ziliwahi kufika hata Afrika Mashariki. Mwaka 2008 wakfu nne za Italia, wa Milano na wa Siena zikiwamo, zilianza mpango wa pamoja wa kuwasaidia watu wa kaskazini mwa Uganda waliokuwa wakirejea vijijini mwao kutoka makambini baada ya vita. Visenti vya mtumishi wa Milano asiyejulikana hata jina vimesafiri mbali.

Na kwetu? Akiba ya mnyonge ilikuwa na kitabu chake cha Posta tangu enzi za Waingereza. Mwaka 1991 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Benki ya Posta Tanzania, ambayo tangu 2021 inaitwa TCB. Benki za biashara zilitaifishwa mwaka 1967, na miaka ya 1990 mageuzi yakaleta hisa na wanunuzi. Sikumbuki katika mageuzi hayo kusikia mtu akiuliza kwa sauti fungu la wawekaji waliokwisha kufa limekwenda wapi.

Hapa Mkumbara swali hilo lina umri mkubwa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga njia ya kamba za chuma iliyoteremsha mbao za mwerezi kutoka msitu wa Shume, juu milimani, hadi kwenye reli yetu, zikaenda Tanga na ng'ambo. Baadaye katani. Manamba alilipwa kipande chake kikijaa siku 30. Mali ilipita hapa ikiwa mbioni, wala haikuacha nyuma wakfu wowote.

Nasema haya nikiwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mzunguko wetu unavunjwa mwezi huu. Kila mmoja atapata hisa zake na faida yake, lakini mfuko wa jamii umebakiwa na kiasi kilichotokana na faini na michango ya miaka mingi. Waliochanga, wengine wamehamia Tanga, wengine tumewazika. Vijana wanataka kigawanywe chote. Wana ada za shule za kulipa, siwalaumu. Bibi mmoja, mwanachama tangu mwanzo, aliwaambia, "Wanangu, mnagawana na nani? Wenzenu wenye fungu wako kaburini, na watoto wao wako darasani."

Nimependekeza kiasi hicho kifunguliwe akaunti yake, watia saini watatu, kisikopeshwe kwa mwanachama yeyote, riba yake inunue sare na madaftari ya watoto wa marehemu. Mkutano ni Jumamosi. Katika ajenda nimeandika kwanza kabisa kwamba majina ya wote waliowahi kuchanga, hai na wafu, yasomwe kabla kufuli tatu za sanduku hazijafunguliwa.