Punda wa Mtumba na Somo la Upole

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Morogoro na kuipita Ihumwa, unafika Mtumba. Hapa palikuwa mahali pa mashamba ya uwele na mtama na malisho ya Wagogo, mpaka Mji wa Serikali ulipozinduliwa mwaka 2019. Sasa wizara zimesimama penye vichaka vya miiba. Hata hivyo, akina mama wenzangu, pembezoni mwa uwanda huu bado utakutana na mtumishi wa siku nyingi: punda mwenye madumu ya maji.

Mvua huku hunyesha takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni miezi ya vumbi. Punda akiumwa, dumu la lita 20 hurudi kichwani mwa mama, au mwa binti anayetakiwa kuwa darasani. Kwa hiyo kidonda cha punda ni jambo la nyumba nzima.

Apone kwanza

Punda mwenye kidonda mgongoni hafundishiki. Maumivu humfanya apige mateke. Mpumzishe. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Usipake oili chafu ya gari. Kikiwa kirefu au kinatoa usaha, mwite bwana mifugo.

Kisha tafuta chanzo. Tandiko liwe nene, lenye mfereji katikati ili lisikandamize uti wa mgongo. Nira ya ng'ombe haimfai punda, kwa maana yeye huvuta kwa kifua. Mfungie mkanda mpana kifuani. Punda wa kilo 150 asibebeshwe zaidi ya kilo 50 hivi. Madumu mawili yaliyojaa, moja kila upande, ni kilo 40. Manne ni kilo 80, nao ni ukatili.

Ndipo afundishwe

Wafunzi wa farasi huko Ulaya huanza na mambo madogo: mwendo wa sawasawa, utulivu, na mkono mwepesi kwenye hatamu. Xenophon, Mgiriki aliyeandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alionya kwamba mnyama asishughulikiwe kwa hasira. Elimu hiyo yamfaa punda pia.

Anza na kamba ya kichwani. Vuta kidogo, akipiga hatua moja tu, legeza kamba papo hapo. Kulegeza huko ndiko kumwambia "vema". Mfundishe kwenda, kusimama na kurudi nyuma, kwa neno lile lile kila siku. Dakika chache asubuhi zatosha. Mzoeze tandiko tupu, kisha mzigo mwepesi, na mwisho mkokoteni.

Akigoma, usikimbilie fimbo. Farasi akiogopa hukimbia. Punda mara nyingi husimama na kutazama. Tunauita ukaidi, kumbe ni tahadhari. Kumbukeni Balaamu katika kitabu cha Hesabu: alimpiga punda wake mara tatu, naye punda alikuwa amemwona malaika ambaye bwana wake hakumwona.

Na mwenye fimbo je?

Mara nyingi anayemswaga punda ni mtoto wetu. Naye afundishwe: kumnywesha punda kabla ya safari, kutazama kwato, kumshukuru kwa kumkuna shingo. Mtoto anayejifunza kutawala mkono wake mbele ya mnyama asiyeweza kumshtaki, anajifunza kuwa mume au mama mwema.

Tena, punda si rahisi kumpata mwingine. Jike hubeba mimba takribani mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Biashara ya ngozi iliwamaliza wengi, hata mwezi Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Mama, jioni hii, kabla ya kufunga zizi, pitisha kiganja chako mgongoni mwa punda wako. Akishtuka, kesho usimtandike.