Kichocho: siri niliyoolewa nayo



Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu alinipigia simu kutoka Pemba. Harusi yake imekaribia, na mazungumzo yalikuwa ya kawaida ya bi harusi: udi upi unadumu kwenye nguo, singo iwe siku ngapi, hina apakwe na nani. Tulipokaribia kuagana akashusha sauti. "Mama mdogo, kuna kitu kinanisumbua huko chini, lakini naona haya." Nikamwambia, "Sema mwanangu. Mie nilinyamaza miaka minne, na nimejuta." Niliyomwambia yeye ndiyo ninayowaandikia leo.

Nimekulia Pemba, kwenye mabonde ya mpunga. Mtoni ndiko tulikooga, ndiko tulikofua, ndiko tulikocheza. Kaka zetu walikojoa damu na watu wakacheka, wakasema mvulana amekua. Sisi wasichana tukikojoa damu tulinyamaza tu, maana damu ya mwanamke haina wa kuiuliza.

Nikaolewa na mwalimu, tukahamia Mbinga kwenye milima ya kahawa na baridi ambayo mtu wa kisiwani haijui. Baadaye alihamishiwa chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, si mbali na Mbamba Bay. Nilipoliona lile ziwa nililia kwa furaha. Mchanga mweupe, mitumbwi, usipa waliotandazwa juani: nilihisi nimerudi nyumbani. Kila siku nilishuka na wenzangu kuchota maji na kufua, nikiwa nimesimama majini hadi magotini. Hata udhu wa alasiri nilitia hukohuko.

Shida ilianza kabla ya harusi, lakini ndani ya ndoa ndipo ilipojitokeza. Maumivu wakati wa tendo la ndoa. Matone ya damu yasiyo na tarehe. Uchafu usiokwisha. Kituo kimoja nilichokwenda nilipewa dawa za magonjwa ya zinaa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya tatu mhudumu aliniambia nimlete na mume wangu. Dada zangu, mnajua maneno hayo yanavyoingia ndani ya nyumba. Mume wangu hakusema kitu, na kimya chake kiliniuma kuliko tusi. Yeye akinishuku mimi, mimi nikimshuku yeye, na sote wawili hatukuwa na kosa.

Kilichotuokoa ni swali moja. Daktari mmoja wa kike, kabla hajanipima, aliniuliza: "Umekulia wapi? Na maji ya kufulia unayapata wapi?" Aliponiangalia aliona madoa madogo kama chembe za mchanga kwenye mlango wa kizazi. Akaniambia si zinaa. Ni kichocho.

Nilidhani kichocho ni cha watoto wa skuli. Kumbe minyoo yake huishi kwenye mishipa ya damu kwa miaka mingi, na mayai yake hayaishii kwenye kibofu tu. Kwa mwanamke hunasa pia kwenye uke, mlango wa kizazi, hata mirija, yakaacha vidonda na makovu. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa wanawake na wasichana milioni 56 barani Afrika wana kichocho cha namna hii. Utafiti uliofanywa vijijini Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2006 uliwakuta wenye vidonda hivi wakiwa na virusi vya UKIMWI karibu mara tatu zaidi ya wenzao. Haikuthibitisha kwamba kimoja kinaleta kingine, lakini mlango wenye kidonda ni mlango ulio wazi.

Na ziwa langu zuri? Upande wa Malawi, huko Cape Maclear, watafiti waliona kichocho kikiongezeka kwenye fukwe za wazi kuanzia miaka ya 1980. Sababu mojawapo wanayoitaja ni uvuvi uliopita kiasi: samaki wanaokula konokono walipungua, konokono wakazidi, na ndani ya konokono ndimo vijidudu vinamokulia kabla ya kutoka na kupenya ngozi ya mtu. Huhitaji kuyanywa maji hayo. Kusimama kufua kunatosha.

Kwetu Zanzibar kazi kubwa imefanyika. Kati ya mwaka 2011 na 2017 utafiti uliendeshwa katika shehia 90 za Unguja na Pemba: dawa kwa wote, na kwingine wakaongeza kuua konokono au elimu na masinki ya kufulia. Maambukizi yalishuka sana, lakini hayakukatika. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba pale ugonjwa ulipoenea, dawa zisiishie kwa watoto wa skuli, bali wapewe pia watu wazima, wakiwemo wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Nilimeza prazikwanteli, nikarudia baadaye, kwa sababu dawa hii haiui minyoo michanga. Damu ilikata. Maumivu yamepungua, hayajaisha. Daktari hakunidanganya: kovu la miaka mingi si rahisi kufutika, ndiyo maana dawa ni bora ianze utotoni. Mtoto bado hatujaruzukiwa. Tunaomba, na sasa tunaomba pamoja, hatunyamaziani.

Nimefikiri sana kuhusu haya. Fatima bint Abi Hubaysh alikwenda kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, akamuuliza kuhusu damu yake isiyokatika. Hakuambiwa anyamaze. Alielezwa kuwa ile ni damu ya mshipa, si hedhi, na akafundishwa namna ya kuswali. Na yeye Mtume ndiye aliyetukataza kukojoa kwenye maji yaliyotuama. Mkojo wa mgonjwa ukiingia majini ndipo mayai yanapopata njia ya kumfikia konokono. Dini yetu imeshazungumza. Aliyenyamaza ni mimi.

Kwa hiyo bi harusi, kama umekulia kwenye mito, mabonde au ziwani, mwambie daktari kabla ya harusi, hata kama hakukuuliza. Mkojo wa kupima vichocho hutolewa vizuri kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mayai yasipoonekana na dalili bado zipo, omba uangaliwe mlango wa kizazi, maana mkojo unaweza kuwa safi na kidonda kipo. Maji ya ziwani yaache siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, au uyachemshe, kabla ya kuoga au kutia udhu. Na nyinyi masomo, mkiwaweka ndani wali wetu, baina ya singo na udi waulizeni na hili.

Mtoto wa dada yangu alikwenda hospitali Jumatatu. Alikuta mayai. Ameshameza dawa, na mchumba wake anajua kwa nini. Jana alinipigia tena. Safari hii tulizungumza rangi ya hina tu.