Ndara za Baba Mkwe Ziliniumbua

YEYOTE aliyewahi kusafiri kwa basi la usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa akiwa amevaa viatu vya ngozi na soksi za nailoni hana haja ya kuelezwa hali ya miguu ifikapo alfajiri. Mimi niliijua hali hiyo kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi nilinyamaza.

Mambo yalianza kwa mwasho mdogo kati ya kidole cha mwisho cha mguu wa kulia na mwenzake. Ngozi ya hapo ikawa nyeupe kama iliyolowekwa majini, ikabambuka, kisha ikapasuka. Siku hizo nilikuwa nimenunua viatu vya mtumba pale Gikomba, viatu vizuri ajabu, na nilivivaa siku iyo hiyo bila hata kuvianika. Siwezi kuapa kwamba ndivyo vilivyoniletea balaa, kwa maana bafu letu pale plotini lilitumiwa na kila mpangaji. Kuvu hula ngozi ngumu ya juu na kucha, nayo hupenda mahali penye joto, giza na unyevu. Mtu hupata yote hayo ndani ya kiatu kimoja.

Rafiki yangu kazini alinishauri nipake mafuta taa. Nilipaka, nikaruka kama mbuzi aliyekanyaga makaa. Kisha nikaenda duka la dawa mtaani nikauziwa krimu iliyoondoa mwasho kwa siku mbili tu. Nilifurahi kama aliyeokota pesa! Hata hivyo, baada ya wiki chache ugonjwa ulikuwa umetoka katikati ya vidole na kuenea juu ya mguu. Kumbe krimu ile ilikuwa ya steroidi, ambayo hutuliza mwasho na kuiacha kuvu ikinawiri chini kwa chini. Hayo niliyajua baadaye sana. Wakati huo nilirudi dukani nikanunua nyingine.

Ukucha wa kidole gumba nao ukafuata. Uligeuka manjano, ukawa mnene, ukaanza kumomonyoka kama chaki. Kwa kuwa haukuniuma, niliuficha ndani ya soksi. Watoto walipokwenda kuogelea mimi nilikaa kando na viatu vyangu miguuni, nikisingizia mafua.

Agosti 2023 tulifunga safari ya kwenda kuwaona wakwe zangu Mombasa. Kabla basi halijafika Mtito Andei, ambapo ni karibu nusu ya safari, nilikuwa nimevua viatu kisirisiri chini ya kiti. Mama mmoja aliyeketi nyuma yetu alifungua dirisha, akavuta pumzi, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva, “Jamani, ni nani aliyepakia samaki humu ndani?”

Abiria waliangua kicheko. Mke wangu hakucheka. Niliingiza miguu ndani ya viatu, soksi zikiwa zimelowa jasho, na sikuvivua tena hadi tulipofika.

Sasa, msomaji mpenzi, kwa wakwe zangu viatu huachwa barazani. Hakuna cha mgeni wala mwenyeji. Baba mkwe, mzee aliyepita miaka sabini, alikuja mwenyewe kutupokea.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, hapa ni kwako.”

Nilipouliza ndara za kwendea bafuni (sisi wa Nairobi huziita patipati), ikaonekana zile za wageni zimekatika kanda. Mzee hakusita. Alivua zake akanisogezea kwa mguu. “Vaa hizi,” akasema. Nikavaa. Kwa siku tatu tulipokezana ndara hizo, mimi asubuhi na jioni, yeye saa zilizobaki, na sikuwaza lolote ila kuficha ukucha wangu.

Usiku wa tatu, baada ya chakula, mjukuu wake wa kike mwenye umri wa miaka 12 alileta tochi na taulo dogo jeupe. Alikaa mkekani, akauweka mguu wa babu yake magotini mwake, akaanza kuukagua. Alimulika katikati ya kila kidole. Aligeuza unyayo. Alipapasa kisigino akitafuta ufa. Alifanya hivyo bila haraka, jinsi mtu anavyochambua mchele, na mzee aliendelea kuzungumza nami kuhusu bei ya nazi kana kwamba mguu ule haukuwa wake.

Nilikuwa nikijua kwamba mzee ana ugonjwa wa kisukari. Nilichokuwa sijui ni kwa nini mguu unahitaji kukaguliwa. Mke wangu alinieleza kwa sauti ya chini. Kisukari cha miaka mingi huweza kuua hisia za miguu, hata mgonjwa akanyage msumari asijue. Mwasho hausikii, maumivu hayasikii. Ngozi ikipasuka katikati ya vidole, hata kwa sababu ya kuvu tu, bakteria hupata mlango, na kwa vile damu nayo pengine haifiki vyema, kidonda hukataa kupona. Ndiyo sababu kliniki ilimwagiza asitembee pekupeku, akung’ute viatu kabla ya kuvivaa, na akauke vizuri vidoleni baada ya kila udhu. Lile taulo jeupe lilikuwa la miguu pekee.

Nilitazama ndara alizovaa. Jasho likanitoka.

Sikulala vizuri usiku huo. Niliamka mara mbili nikiwa nimeamua kusema, nikalala tena nikiwa nimeamua kununua ndara mpya asubuhi na kuzibadilisha kimya kimya. Mpango huo wa pili ulinivutia sana. Lakini ndara mpya hazingemwambia yule msichana atafute nini kati ya vidole vya babu yake.

Baada ya kifungua kinywa nilimfuata mzee barazani, nikavua soksi, nikamwambia kila kitu. Aliuinamia mguu wangu kwa muda mrefu.

“Na ulikuwa ukingoja nini?”

“Niliona haya, Baba.”

Aliunyoosha mguu wake wa kushoto. Nilikuwa nimeona tangu zamani kwamba una vidole vinne, na siku zote nilidhani ni ajali ya kazini. Akanieleza kwamba Ijumaa moja alishinda na kijiwe ndani ya kiatu bila kukihisi. Kidonda kilianza kunuka, naye akakificha wiki nzima, akikaa mbali na watu msikitini, kwa sababu aliona haya. Alipofika hospitali kidole hakikuwa cha kuokolewa.

Hakuniambia zaidi. Alimwita mjukuu wake aje na tochi, mchana ule ule, amkague upya. Ngozi ilikuwa salama. Mama mkwe kwa upande wake hakutaka ushauri wa mtu. Alizibeba ndara kwa kijiti na kuzitupa jaani.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kliniki. Daktari alikwangua ukucha na kuupeleka unga wake ukapimwe, kwani si kila ukucha mnene una kuvu. Mwingine umeumizwa na kiatu kinachobana. Wangu ulikuwa nayo. Kwa ngozi nilipewa krimu ya klotrimazoli, nipake mara mbili kwa siku kwa wiki nne, na nisiache eti kwa kuwa mwasho umekoma. Ukucha ulihitaji vidonge vya terbinafini, miligramu 250 kila siku kwa wiki 12, baada ya damu kupimwa kuhakikisha ini langu liko sawa. Kisha daktari akanivunja moyo: ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kuota wote upya. Dawa huua kuvu, lakini haing’arishi ukucha uliokwisha haribika. Lazima usukumwe nje na mpya, taratibu.

Tangu hapo safari zangu zimebadilika. Nabeba jozi mbili za viatu, nazo hupokezana siku. Nasafiri na soksi za pamba, na basi likisimama Mtito Andei naosha miguu, nakausha kila kidole, navaa soksi kavu. Ndara zangu ziko begini, na hazikopeshwi. Asubuhi naanza kuvaa soksi kabla ya chupi, kwa sababu chupi ikipitia miguuni huweza kuburuta kuvu hadi kinenani, jambo ambalo sitaki kulieleza zaidi. Joto la Mombasa lina unyevu mwingi na kiatu hakikauki usiku mmoja, kwa hiyo nakijaza karatasi za gazeti. Ndiyo, hili hili, lakini baada ya kulisoma.

Mzee naye hakunisahau. Mwaka mzima wa 2024 kila aliponipigia simu aliuliza kwanza hali ya watoto, kisha, “Na ukucha umefika wapi?” Nilimjibu kama ninayeripoti ujenzi wa nyumba: umefika robo, umefika nusu.

Desemba mwaka huo tulishuka tena Mombasa. Baada ya chakula msichana alikuja na tochi yake na mataulo mawili. Alimaliza miguu ya babu, akanigeukia bila kuuliza, akauvuta mguu wangu magotini. Alimulika kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

“Babu,” akasema, “ngozi ya Baba Nairobi ni safi. Ukucha umebaki manjano kidogo pale mwishoni.”

“Ulete mkasi,” mzee akajibu.