Kwa Binti wa Ndugu Yangu Aliyeko Leicester

Kibokoni, Mombasa
Mfungo Sita

Mwanangu mpenzi,

Sisi sote huku tu wazima, ila mama yako goti lake la kushoto lamsumbua kila inyeshapo mvua, na mwanao ameng'oka jino la mbele, basi hataki kucheka mbele za watu. Mengine utayapata kwa simu, kwani mna simu zenu za kuonana nyuso. Mimi nimechagua karatasi kwa sababu neno nililo nalo halifai kusemwa huku wajukuu wakipita na kurudi nyuma yangu, na pia kwa sababu katika simu wewe hunikatiza. Kijana wa duka la picha ataipiga picha barua hii akutumie, nami nimemwapisha asiisome.

Neno lenyewe ni hili. Siku ya arusi ya binti wa jirani, tulikuwa tumeketi wanawake tukingoja biriani, akaja mama mmoja ambaye mwanawe yuko huko huko Uingereza, akanong'ona kwa ile sauti ya kunong'ona itakiwayo isikike na ukumbi mzima, kwamba watoto wetu waliokwenda kulea wazee, wakikosa saa za kutosha kwa waajiri wao, huenda kazini kwa majina ya wenzao: mwenye jina hulala kwake, asiye na jina huvaa kitambulisho cha mwenzake akaenda kukesha zamu ya usiku, na ujira ukiingia hugawanywa. Hakukutaja. Alisema tu, "Hata hao waliosomea uuguzi," kisha akanigeuzia macho mimi. Sikumjibu, na biriani yenyewe sikuionja ladha yake, na tangu usiku ule usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Simsadiki, wala simkadhibishi, maana najua dhiki ilivyo. Najua kwamba wewe, muuguzi uliyesajiliwa na Baraza letu la wauguzi Nairobi, uliondoka mwaka 2023 kwa viza ya ulezi na si ya uuguzi, kwa kuwa mlango huo ulikuwa wazi na wa haraka, ilhali mlango wa uuguzi ulitaka mtihani wa Kiingereza, na mtihani wa kompyuta, na ule wa vitendo wenye vituo 10 ambao kila aliyeufanya husimulia kana kwamba ametoka vitani. Nilikwambia subiri mwaka mmoja usome, ukasema shangazi, mwaka mmoja ni mwingi. Najua pia kwamba mdhamini wako alikuahidi saa za wiki nzima, na ulipofika akakupa vijisaa vya asubuhi na vya magharibi, nyumba moja hapa kumwosha mzee na nyingine kule kumlisha, na mwendo wa baina ya nyumba na nyumba haulipwi, na mwenye nyumba unayopanga hakupunguzi pauni hata moja kwa sababu hiyo. Haya sikuyasikia arusini; uliyasema mwenyewe, usiku ule uliolia.

Lakini mtoto wa jirani yetu wa ghorofani, yule aliyesoma sheria, nimemkalisha jioni mbili anisomee kanuni za huko, na yaliyonikaa ni haya. Kwamba viza yako yakuruhusu kufanya saa 20 kwa wiki kwa mwajiri mwingine, katika kazi za namna hiyo, kwa jina lako, ukiwa ungali ukimfanyia kazi aliyekudhamini; basi kama dhiki ndiyo hoja, uko mlango wa halali na wewe walitazama dirisha. Kwamba mdhamini akinyang'anywa leseni, aghalabu mtu hupewa siku 60 kutafuta mwingine au kuondoka. Na kwamba tangu Julai 2025 wamefunga kuajiri walezi wapya kutoka nje, kwa hiyo ukitolewa leo hurudi kwa njia ile uliyopitia. Tena lile Baraza la wauguzi la huko, ambalo siku moja inshallah utaliomba likusajili, halitazami mitihani peke yake, latazama na mwenendo, na wewe mwenyewe ndiwe utakayetia saini kwamba mwenendo wako ni safi.

Nami sasa nitakusimulia jambo ambalo baba yako halijui, na marehemu nyanya yako alikufa bila kulijua.

Wajua kwamba nilikwenda Jeddah mwaka 1984 kwa mkataba wa miaka miwili, na wajua masanduku niliyorudi nayo, na mazulia, na ile seti ya vikombe ambayo mama yako hadi leo huitoa siku za Idi. Tulikuwa mchanganyiko wa mataifa: Wafilipino, Wamisri, Wahindi wa Kerala ambao kwa mkono mwepesi wa kupata mshipa sijaona mfano wao, na sisi wachache wa Afrika Mashariki. Pasipoti zetu zilikaa kwenye kabati la ofisi, na huwezi kutoka nchini bila karatasi ya khuruj wa awda, ruhusa ya kutoka na kurudi, iliyotiwa saini na mwajiri. Mimi nilidhani Kiarabu nakijua kwa kuwa nimehitimu msahafu. Nilipokwenda sokoni kununua vitunguu nikagundua kwamba lugha ya chuoni na lugha ya muuza vitunguu ni bahari mbili. Lakini katika kazi sikuwa na mshindani. Wodi ya wanawake waliopasuliwa ilikuwa yangu, na msimamizi wetu, mwanamke mkali asiyesifu mtu, aliwahi kusema mbele ya wote kwamba kadi nilizoandika mimi zasomeka hata gizani.

Alikuwako binti mmoja wa Lamu. Mkataba wake na mwajiri mwingine ulikuwa umekwisha kwa ugomvi, naye akabaki akijificha kwa watu, akifanya zamu za kutwa pale palipokosekana mtu, na kulipwa mkononi. Ramadhani ya mwaka 1985 iliangukia Mei na Juni, na joto la Jeddah miezi ile si la kusimulia. Likaingia kumi la mwisho, nami nikashikwa na shauku ya kwenda Makka, mwendo wa saa moja na ushei kwa basi, nikapate siku tatu za ibada, likizo nikanyimwa. Binti wa Lamu akaniambia, "Dada, nenda kaniombee dua, niachie kadi yako, nitakukeshea." Alikuwa muuguzi hasa, si wa kubabaisha. Urefu wetu mmoja, na wote twafunika nyuso nusu, nani angetambua? Nikampa kadi. Nikaenda kuomba maghufira huku mtu mwingine ameketi katika kiti changu kwa jina langu.

Usiku wa pili mwanamke mmoja aliyepasuliwa nyongo alilalamika maumivu. Dawa yake ilikuwa pethidini, nayo hukaa katika kabati la DDA la dawa za hatari, na haitoki ila kwa daftari na saini mbili. Muuguzi wa jioni alikuwa ameshampa sindano saa mbili usiku, akaandika katika daftari, lakini kadi ya kitandani akaiacha, akisema ataijaza kisha. Ndiyo ilivyokuwa desturi ya wodi ile, nami naijua, na mtu yeyote wa wodi ile angeijua, kwamba hutazami kadi kabla ya kufungua daftari ukurasa wa nyuma. Yule binti hakuwa wa wodi ile. Aliitazama kadi, akaona haikujazwa, akachukua dawa, na Mmisri wa kutia saini ya pili akatia bila kuinua kichwa. Saa tatu na nusu mgonjwa akachomwa ya pili. Saa nne alikutwa midomo imekuwa ya buluu, akivuta pumzi moja kwa kitambo cha kuhesabu mpaka kumi. Akapigwa naloksoni, Mwenyezi Mungu akamrudisha. Alikuwa na watoto sita.

Niliporudi kutoka Makka, nguo zingali na harufu ya udi wa msikitini, niliitwa ofisini. Daftari liko wazi mezani, na jina langu limeandikwa kwa mwandiko ambao si wangu. Msimamizi akaniuliza swali moja tu: "Hii ni saini yako?"

Nikasema si yangu. Hilo lilikuwa kweli. Kisha nikasema kwamba kadi yangu niliibiwa.

Walimkamata mchana ule ule, na kabla ya mwezi wa Idi kuandama alikuwa amesafirishwa, bila mshahara, bila hata masanduku. Mimi nikakatwa ujira wa siku tatu kwa kutokuwapo kazini, nikamaliza mkataba wangu, nikarudi kwa heshima na vikombe. Nilimwona mara moja tena, kivukoni Likoni, miaka mingi baadaye. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza. Aliniita kwa jina langu kamili, langu na la baba, kama lilivyoandikwa kwenye ile kadi, akaniuliza hali ya mama, na feri ikafungua mlango, tukatawanyika na watu. Nilikuwa na maneno tele na sikutamka hata moja.

Basi mtu akinong'ona arusini kuhusu kuazimana majina, usinishangae nikikosa usingizi. Na usidhani ninayemwogopea ni yule aendaye kwa jina la mwenziwe peke yake. Kama wewe ndiwe uliyelala na jina lako liko kazini, hapo ndipo nitakapolia zaidi.

Mengineyo kwa ufupi. Pasipoti yako ikae kwako. Asikutoze mtu pauni hata moja kukupatia kazi. Mwanasheria wetu asema sheria ya huko yakataza wakala kumlipisha mtafuta kazi. Hati ya mshahara isome mstari kwa mstari, uiweke. Mzee ukimwinua, inua kwa magoti, mgongo wako ndio mtaji. Na kitabu cha ule mtihani wa vituo 10 kifungue hata ukurasa mmoja kwa siku.

Kuhusu fedha za kujenga, sitaki kuingia baina yako na baba yako. Nasema tu kwamba nami nilimtumia riyali, kila mwezi, miezi 24, anijengee vyumba viwili Majengo, na mpaka leo nimeonyeshwa kimoja, nacho anakaa rafiki yake. Ni ndugu yangu na nampenda. Lakini wewe nunua mifuko ya saruji kwa stakabadhi. Na mtoto uliyemwacha ukisema utajenga kwanza, mwaka ule ule ungeweza kumchukua. Hilo nalo nilisema, sirudii.

Sikuulizi kama ni kweli. Ukinijibu kwa maneno nitakuwa na maneno tu, na maneno hata mimi niliyatoa, ofisini kule. Nataka kitu kimoja: siku ya zamu yako ijayo, uwapo kazini, jipige picha na kitambulisho chako kifuani, jina lisomeke, unitumie. Mama yako nitamwambia nimekuomba picha kwa sababu nimekutamani, na huo hautakuwa uwongo.

Wasalaam,
Shangazi yako