Leba ya Mombasa, Kutoka Kipande Hadi Mezani

Babu yake mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa kibarua bandarini Kilindini, na serikali ya kikoloni aliieleza kwa neno moja tu: hao ni watu waliotaka kujua uko wapi. Kipande chake, cheti cha lazima cha utambulisho, alikivaa shingoni ndani ya kibati. Karatasi ile ilikuwa na jina, kabila, alama za vidole, waajiri aliowahi kuwafanyia kazi na mshahara waliomlipa. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kabla yake, Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1910 ilikwisha kumfanya mtu anayetoroka kazi kuwa mhalifu wa kufungwa jela. Mambo ya kazi, kwa hiyo, yalikuwa mambo ya askari. Shughuli za kazi ziliwekwa chini ya idara iliyotawala mambo ya Waafrika, na kwa miaka mingi hofu yake kubwa ilikuwa mashamba ya walowezi, reli na bandari kukosa watu.

Hapo ndipo ilipotoka Wizara ya Kazi ya Kenya, ile ambayo wakazi wa Mombasa huiita leba.

Mombasa iligoma mwaka 1939, na tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Willan ikakuta malalamiko ambayo kila mtu wa mtaa wa Majengo aliyajua: kodi ya nyumba ilikula mshahara kabla mtu hajanunua unga. Yaliyofanyika baada ya hapo yalikuwa machache. Tarehe 13 Januari 1947 mji ukasimama tena, safari hii karibu wote. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi. Babu hakuchoka kusimulia kwamba katika Kiwanja cha Maskini kule Majengo, ambako mikutano ilifanyika kila siku, wapishi wa majumba ya Wazungu walikaa ubavuni mwa makuli na watu wa reli, na hakuna aliyeuliza mwenziwe ametoka bara au pwani. Chama chao kikawa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, chini ya Chege Kibachia. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kutoka Nairobi kuwaomba warudi kazini huku madai yao yakichunguzwa. Walirudi. Baraza la uamuzi lililoongozwa na Jaji Thacker likawapandishia mishahara kiasi. Mwezi Agosti Kibachia alikamatwa akapelekwa kuzuiliwa Baringo.

Ndiyo ilivyokuwa desturi ya miaka hiyo: madai yanajibiwa nusu, aliyeyatamka anaondolewa. Makhan Singh, aliyeanzisha na Fred Kubai muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki mwaka 1949, alikamatwa Mei 1950 na hakuachiwa hadi Oktoba 1961.

Badiliko la kweli, kwa maoni ya mwandishi huyu, lilianzia ndani ya ofisi yenyewe. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter, Kamishna wa Kazi, ilichapisha ripoti juu ya mishahara ya Waafrika. Iliandika bila kuficha kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi walilipwa kiasi kisichotosha mahitaji ya lazima. Mishahara ilikuwa imepimwa kwa mwanamume asiye na mke wala mtoto mjini, kana kwamba familia iliyobaki mashambani ingemlisha. Kamati ilitaka hesabu ianze kumtambua mtu mwenye familia. Mapendekezo hayo hayakutekelezwa yote, na waajiri waliyapinga, lakini tangu hapo afisa wa kazi hakuweza tena kusema hajui.

Mwaka uliofuata makuli waligoma, na kijana aliyetoka kuwa mkaguzi wa afya wa jiji la Nairobi akaja Mombasa kuwasemea. Tom Mboya aliwashawishi warudi kazini na shauri likaamuliwa na baraza, wakapata nyongeza ya asilimia 33. Babu alimtaja kwa heshima hadi mwisho wake, na neno lake lilikuwa moja: "Yule hakutupigia kelele, alitupigia hesabu."

Mboya ndiye aliyekabidhiwa Wizara ya Kazi mwaka 1962, katika serikali ya mseto iliyotangulia uhuru. Migomo ilikuwa imejaa nchi nzima. Tarehe 15 Oktoba mwaka huo serikali, Shirikisho la Waajiri na Shirikisho la Wafanyakazi walitia saini Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani. Waajiri walikubali kuvitambua vyama na kuzungumza navyo; vyama vilikubali kutoita mgomo kabla ya njia za mazungumzo kumalizika. Haukuwa sheria. Ulikuwa ahadi ya pande tatu, na wizara ikawa mwenye meza. Mwaka 1964 ikafuata Mahakama ya Viwanda. Rais wake wa kwanza, Saeed Cockar, aliiongoza kwa miaka mingi, akiketi na wajumbe waliojua upande wa waajiri na upande wa wafanyakazi, na uamuzi wake ulikuwa wa mwisho.

Mwaka huohuo pande tatu ziliafikiana tena: kampuni zingeongeza wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama visingedai nyongeza kwa mwaka mmoja. Zaidi ya watu laki mbili walijiandikisha kutafuta kazi. Waliopata walikuwa sehemu ndogo tu, na foleni zile ziliionyesha serikali changa ukubwa wa shida ambayo hakuna mkataba ungeimaliza.

Mambo hayo yalikuwa na gharama yake, na ni haki kuitaja. COTU, muungano mkuu wa vyama vya wafanyakazi, ilipoundwa mwaka 1965, baada ya ghasia za vyama vilivyogawanyika, Rais alipewa uwezo wa kumchagua katibu mkuu kutoka majina matatu aliyopelekewa. Mwaka 1974 Rais Kenyatta alipiga migomo marufuku. Wafanyakazi walipata mahali pa kusikilizwa, wakapoteza sehemu ya sauti ya kusemea.

Hata hivyo mwandishi aliiona meza ile ikifanya kazi. Miaka ya themanini mjomba wake aliachishwa kazi na kampuni moja ya kupakua mizigo, bila notisi wala malipo ya likizo. Alikwenda leba na mwakilishi wa chama chake. Afisa hakumwomba wakili. Alimwita meneja, akawaketisha wote wawili, akafungua makubaliano ya pamoja ya kampuni ile na kuyasoma kwa sauti, kifungu baada ya kifungu. "Bwana, hapa mlitia saini," alimwambia meneja. Mjomba alilipwa. Ilikuwa kesi ndogo isiyoandikwa popote, na nchi iliendeshwa na kesi ndogo kama hizo.

Kisha meza ikaanza kupungua uzito. Kontena zilikuwa zimekwisha kupunguza mikono bandarini, na miaka ya tisini uchumi ulipofunguliwa, kazi za kudumu ziligeuzwa vibarua vya mikataba mifupi. Kibarua asiye mwanachama hakuwa na makubaliano ya kusomewa. Januari 2003, serikali mpya ilipoingia, wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya EPZ, maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, waligoma kwa wingi, na wengi wao walikuwa wanawake vijana ambao hawakuwahi kuwa na chama.

Jibu lilikuja kwa sheria. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria tano za kazi kwa pamoja. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 41, ikampa kila mtu haki ya mazoea ya kazi yenye usawa, na kila mfanyakazi haki ya kugoma. Mahakama ya Viwanda ikapewa hadhi ya Mahakama Kuu, na mtu mmojammoja akaweza kushtaki bila chama. Huo ni ushindi mkubwa, na hakuna wa kutamani turudi nyuma. Lakini kesi zikarundikana, na mfagiaji wa ofisi anayedai mshahara wa mwezi hujikuta akitafuta wakili na kungoja miaka. Sheria bado inaitaka wizara iteue msuluhishi ndani ya siku 21 baada ya kupokea mgogoro wa chama na mwajiri. Mwandishi anashikilia kwamba fedha zinazohitajika zaidi ni za kuajiri maafisa wa kutosha katika kaunti, watu wa kuketi na meneja na kibarua kabla shauri halijafika kwa jaji.

Siku hizi Mombasa inapeleka watu wake mbali kuliko Kilindini. Mwaka 2014 serikali ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati baada ya malalamiko ya mateso, kisha ikaufungua tena, na sheria ya 2016 ikaunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Binamu yake mwandishi alifanya kazi Riyadh katika nyumba ambayo hakulipwa miezi yake ya mwisho. Mkataba wake uliandikwa Mombasa na wakala, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawamo katika sheria kuu ya kazi ya Saudi Arabia. Alipofika leba, afisa alimsikiliza vizuri, akaandika kila kitu, akampigia simu wakala ambaye namba yake haikupatikana tena. Dai lake limepelekwa Nairobi, na anaendelea kulifuatilia.