Tlawi: Gurudumu Linalokwenda Upande

Msafiri atokaye mjini Mbulu kwenda Tlawi hupita katika nchi ya vilima na mabonde, ambamo mashamba ya mahindi na maharage yamepanda hadi mgongoni mwa vilima. Hapo lipo ziwa lenye jina hilo hilo la Tlawi. Ni nchi ya Wairaqw, wakulima na wafugaji, iliyokuwa chini ya Mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipofanywa mkoa mwaka 2002. Katika njia zake za udongo, mkokoteni wa maksai ungali chombo cha kutegemewa.

Mkokoteni huo una magurudumu mawili, nao hugeuka bila taabu, kwa kuwa kila gurudumu huzunguka kwa mwendo wake. Laiti ungefungwa magurudumu manne yasiyopinda, kila kona ingekuwa mateso: matairi yangeburuzwa ubavu, yakikwangua ardhi na kuwachosha wanyama.

Taabu hiyo ndiyo inayowakabili vijana wanaounda roboti za mashindano. Roboti nyingi za namna hiyo hazina usukani. Hugeuka kwa kuzungusha magurudumu ya upande mmoja kuliko ya upande wa pili. Dawa mojawapo ni gurudumu la omni, nami nilifafanuliwa habari zake huko huko Tlawi, katika ziara ya kamati yetu ya msikiti, na binti wa mwenyeji wetu, mwanafunzi wa kidato cha nne.

Alikuwa amekata duara kutoka kandambili kuukuu, akazungushia ukingoni waya wenye shanga. Alipolisukuma mbele, duara lilibingirika kama gurudumu lolote. Alipolisukuma ubavu, shanga ndizo zilizozunguka, nalo likateleza bila kukwama. Katika gurudumu halisi, mahali pa shanga pana rola ndogo, na ekseli ya kila rola imekingama na ekseli ya gurudumu lenyewe. Magurudumu manne ya aina hii yakifungwa pembeni kwa mshazari wa nyuzi 45, roboti huenda mbele, nyuma na ubavu bila kugeuza uso wake. Mwendo wake wa mbele huzidi ule wa magurudumu yaliyonyooka kwa takribani mara 1.4, lakini nguvu ya kusukuma hupungua.

Baba yake, aliyekuwa akisikiliza kimya, akauliza, “Na katika miteremko yetu hii, si litaporomoka ubavu?”

“Litaporomoka, baba,” akajibu binti. “Hata uwanjani roboti ya wapinzani huweza kuisukuma ubavu kwa urahisi. Ndiyo maana wengine hufunga mawili haya mbele, na nyuma wakaweka mawili ya mpira unaoshika ardhi.”

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hata hivyo, swali kubwa la nyumba ile lilikuwa jingine. Binti ameomba, amalizapo kidato cha nne, aende kusoma ufundi Arusha. Baba hajakataa wala hajakubali. Akaniambia, “Katibu, sihofu masomo. Nahofu atalala wapi, na kwa nani.”

Hofu hiyo si ndogo, wala haipaswi kubezwa. Nilimsimulia habari za wasichana wa Herat, Afghanistan, ambao mwaka 2017 walinyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa kuingia Marekani kushiriki mashindano ya kimataifa ya roboti ya FIRST Global mjini Washington. Walirudi na medali ya fedha ya ujasiri. Mwaka 2019 mashindano hayo yalifanyika Dubai, yakakusanya vijana wa nchi zaidi ya 190. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: wasichana wale, nani aliwasindikiza?

Hapo nikafahamu kwamba jibu analolihitaji haliko Washington wala Dubai. Analotaka ni nyumba moja ya kuaminika Arusha, yenye mama wa kumwangalia bintiye, na nauli ya kurudi Tlawi wakati wa likizo. Kamati yetu imeanza kuulizia. Msomaji uliye Arusha na una chumba kilicho wazi, zungumza na ahali yako. Mtihani wa kidato cha nne hauko mbali, na duara lile la kandambili limewekwa dirishani likisubiri.